Ukienda Kuomba Ufadhili wa Miti, Omba wa Mwaka wa Tatu

Kutoka Museum Hill hadi Kangemi, Waiyaki Way na barabara zinazoizunguka zimebeba sehemu kubwa ya fedha za nchi hii. Safaricom wako hapo. Makao makuu ya Absa yako hapo. Stanbic na Standard Chartered wako upande wa Chiromo, na Soko la Hisa la Nairobi lenyewe liko Westlands Road. Nyuma ya majumba hayo ya vioo unapita Mto Nairobi, na maji yake kila mkazi wa jiji anayajua kwa harufu kabla ya kuyaona.

Si ajabu basi kwamba kila kikundi cha mazingira cha upande huu, kuanzia klabu ya shule ya Kangemi hadi chama cha wakazi wa Kitisuru, hufikia wazo lile lile: twende tukaombe kampuni. Ni wazo zuri, na fedha zipo. Kinachoharibu ni kile kinachoombwa.

Barua nyingi za maombi huomba siku moja. Zinataka fulana na kofia, hema, vipaza sauti, chakula cha mchana, na miche elfu moja. Kampuni hukubali upesi, kwa sababu hakuna kitu rahisi kutoa kama siku. Mkurugenzi anakuja na jembe jipya, shimo lake limechimbwa tangu jana, mheshimiwa anahutubia, picha zinapigwa, na kufikia saa nane watu wamekwenda zao. Kisha inakuja Januari. Jua linachoma, hakuna wa kumwagilia, mbuzi wa jirani wamepata malisho, na mwaka unaofuata kampuni nyingine inaletwa kupanda palepale. Mti haufi siku ya kupandwa. Hufa katika miezi ambayo hakuna aliyeiombea fedha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio unaobeba mengine yote, ni huu: omba fedha za mwaka wa pili na wa tatu, na siku ya kupanda muigharamie wenyewe ikibidi.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme mnataka KSh 900,000 kutunza kipande cha kingo za mto kwa miaka mitatu. Mtu mmoja wa kumwagilia, kupalilia na kufukuza mifugo, akifanya kazi siku mbili kwa wiki kwa KSh 1,000 kwa siku, atagharimu KSh 312,000 kwa miaka yote mitatu. Huyo ndiye mradi wenu. Ongeza maji ya boza wakati wa kiangazi, miche ya kuziba mapengo, seng'enge, majembe, ada za M-Pesa na ukaguzi wa hesabu. Siku ya kupanda, pamoja na chai na mandazi, isimeze zaidi ya KSh 100,000. Ukimwonyesha afisa wa kampuni bajeti ambayo sehemu kubwa ni mshahara wa mtu wa mtaa na sehemu ndogo ni sherehe, atashtuka kidogo, halafu atakuheshimu.

Mfano bora wa jambo hili hauko mbali, umo ndani ya eneo bunge la Westlands. Karura ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000, uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu wenye mikono mirefu, na tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na genge walipokwenda kupanda mti kwenye lango. Hiyo ni sehemu ya hadithi ambayo kila mtu anaijua. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ya baadaye: msitu uliokolewa usijengwe, lakini kwa miaka kadhaa mtu mwenye akili zake hakuingia humo peke yake. Wezi walikuwa na nafasi kubwa kuliko watembeaji.

Marafiki wa Msitu wa Karura walipojisajili mwaka 2009 kama chama cha jamii cha kusimamia msitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, hawakuanza na miche. Walikwenda kwa makampuni, kwa balozi za Gigiri na kwa majirani wenye uwezo wakaomba ua wa umeme. Ua si kitu cha kupendeza kwenye picha. Ila ulipokamilika, na walinzi wakaajiriwa kutoka vijiji jirani kama Huruma, watu walianza kuingia, na kila anayeingia akalipa langoni. Malipo hayo ndiyo yaliyokuwa yakilipa walinzi, kung'oa mimea vamizi na kurudisha miti ya kiasili pale palipokuwa na mikaratusi. Mfadhili alinunua kitu kilichoufanya mradi usimhitaji tena kila mwezi.

Hapo pana swali la kujiuliza kabla hujaandika barua yoyote: ni kitu gani kimoja ambacho tukikipata leo, mwakani hatutarudi kuomba? Kwa kikundi cha vijana pengine ni kitalu chenye tangi la maji, wauze miche kwa wenye majumba mapya ya Kileleshwa na Lavington, ambao hununua miti mizima kwa bei ya kutisha. Kwa shule pengine ni kuvuna maji ya paa. Kwa chama cha wakazi pengine ni choo na lango kwenye bustani. Vitu hivi havina mvuto, na ndiyo sababu fedha zake hazigombaniwi.

Karura ina somo jingine, chungu kidogo. Agosti 2025 KFS iliagiza malipo ya lango yapitie eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali, chama kikapinga, na mzozo ukafika mahakamani. Usichukue upande sasa hivi, chukua funzo. Mradi ukianza kuingiza fedha, swali la nani anashika akaunti litakuja hata kama kwa miaka 15 hakuna aliyeliuliza. Liandikwe mwanzoni, siku ambayo wote bado mnacheka.

Sasa kampuni ipi? Watu huanza na iliyo kubwa, au ambayo binamu yao anafanya kazi. Anza na ile ambayo tatizo lenu linaigusa mfukoni. Mwezi Machi 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Walioingia humo ni pamoja na East African Breweries, Coca-Cola, Frigoken, kampuni ya maji ya Nairobi na KenGen. Kwa nini mtengeneza bia ajali matuta ya mkulima wa Murang'a? Kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka kule, kwenye bwawa la Ndakaini na mito ya Aberdare, na udongo unaoporomoka mashambani huishia kwenye mitambo ya kusafisha maji na mabwawa ya umeme. Waliopiga hesabu walionyesha kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwa wakulima wa juu, kwa miti, nyasi za kuzuia udongo na vidimbwi vya maji, zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Hakuna aliyeombwa huruma. Kila mmoja alionyeshwa bili yake.

Fanya hivyo hivyo katika mtaa wako. Hoteli iliyo kando ya mto hunuka pamoja na mto. Hospitali za Parklands ziko hatua chache kutoka City Park, na ndugu za wagonjwa huhitaji mahali pa kupumzikia. Jengo la ofisi ambalo maegesho yake hujaa maji kila Aprili lina sababu ya kujali mtaro ulioziba mita mia mbili juu yake. Andika sentensi hiyo moja kwenye aya ya kwanza ya barua, kabla ya mabadiliko ya tabianchi, kabla ya vizazi vijavyo.

Mkono mtupu haulambwi, na kampuni nayo inataka kitu. Tuache unafiki juu ya hilo. Zamani ilitosha kuipa picha gazetini. Siku hizi kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa ina mahitaji mengine: Novemba 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo unaozitaka kampuni hizo kutangaza hali yao ya mazingira, jamii na utawala, na kwa hiyo kuna mtu katika ghorofa fulani, kila mwaka, anayehangaika kujaza jedwali. Mkurugenzi akiwa ameshika jembe haingii kwenye jedwali. Kinachoingia ni idadi ya miti iliyo hai baada ya miezi 12, 24 na 36, aina zake, mahali ilipo kwa alama za ramani, siku za kazi zilizolipwa na waliolipwa. Mwambie mtu huyo kwamba mtampa takwimu hizo kila Desemba bila kukumbushwa. Na mtoe za kweli. Ukiandika kwamba katika miche 1,000 imebaki 610, na ukaeleza 390 ilikufaje, utaaminiwa kuliko anayeandika kwamba yote imestawi. Hakuna mahali popote duniani ambapo yote hustawi.

Nimependa siku zote jinsi shirika la uhifadhi la Rhino Ark lilivyolitatua suala la jina la mfadhili. Ken Kuhle alilianzisha mwaka 1988, na mwaka uliofuata yakaanza mashindano ya magari ya Rhino Charge: magari ya kupanda milima hupita nyikani pasipo na barabara, mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi kati ya vituo, na kila timu lazima ije na michango. Kampuni hubandika majina yao kwenye gari lililojaa matope, na matope hayo huwapendeza. Fedha zilijenga ua wa takriban kilomita 400 kuzunguka Aberdare, uliokamilika mwaka 2009 baada ya miaka ishirini. Safaricom nao wamejihusisha na mbio za Lewa tangu mwaka 2000, mbio ambazo watu hukimbia ndani ya hifadhi yenye faru na simba. Katika yote mawili, tukio la siku moja ni mlango tu. Fedha huenda kwenye kazi ya siku 364 zilizobaki. Ukitaka kufanya mbio za kilomita tano ndani ya Karura au matembezi kando ya Mto Kirichwa, sawa, lakini barua ieleze kwanza fedha zitalipa nini Jumatatu inayofuata.

Kuhusu uhamasishaji nitasema kwa ufupi, maana hapa ndipo fedha nyingi huyeyuka. Bango la barabarani lenye maneno ya kutunza mazingira halimfundishi mtu kitu. Isitoshe, bango lenye nembo ya kampuni kando ya barabara ni tangazo mbele ya kaunti, na tangazo lina kibali na ada. Kinachofundisha ni kurudiarudia. Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909 na chenye ofisi kwenye Makumbusho ya Taifa hapo Museum Hill, kimekuwa na matembezi ya kuangalia ndege Jumatano asubuhi kwa miongo kadhaa. Hakuna hema wala kipaza sauti; kuna mwongozaji anayejua, na watu wanaorudi. City Park ina nafasi ya aina hiyo: msitu wa asili katikati ya mji, tumbili, na makaburi ya Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Februari 1965, na Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa nchi hii. Omba kampuni ilipe mwongozaji wa kila Jumamosi kwa mwaka mzima na darubini kumi. Watoto wa Kangemi na wa mtaa wa Deep Sea watakaopita hapo kwa makundi watajua jina la mti na jina la shujaa kwa safari moja.

Na ukiwahusisha watoto, jihadhari na picha. Kampuni itazitaka sana. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, juu kidogo tu ya Waiyaki Way, faini ya KSh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Fomu ya idhini ni karatasi moja. Ichapishe.

Karatasi nyingine hazikwepeki. Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, au, kama ni shirika kubwa, chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Kiwe na PIN ya KRA, akaunti ya benki yenye sahihi tatu, na Paybill ya kikundi, si namba ya simu ya mweka hazina. Kampuni hupata nafuu ya kodi kwa mchango wake pale tu anayepokea ana cheti cha msamaha kutoka KRA. Kama hamna, tafuteni shirika lenye cheti liwapokelee fedha kwa makubaliano ya maandishi. Kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu zimejipanga kando ya Waiyaki Way. Ziombeni ukaguzi wa bure badala ya fedha. Kwao ni saa chache za kijana mmoja. Kwenu ni sahihi ambayo kila mfadhili ajaye ataitambua.

Ruhusa ya ardhi ije kabla ya fedha. Kando ya Waiyaki Way ni KeNHA, barabara nyingine ni KURA au kaunti, kingo za mto ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, msitu ni KFS. Kikundi kilichopokea hundi kabla ya barua ya ruhusa kitajikuta kinapanda miti mahali ambapo mwanakandarasi tayari ana ramani.

Makubaliano na kampuni yawe na muda wa miaka mitatu na malipo kwa awamu, awamu ya mwisho ikiwa ya mwaka wa tatu. Yasainiwe na kampuni, si na meneja aliyewapenda, kwa sababu huyo atahama. Yaseme nembo itakuwa na ukubwa gani na itaondolewa lini. Yasikubali kifungu cha kuwazuia kupokea fedha kwingine, isipokuwa kampuni inalipa gharama yote. Na yawe na mlango wa kutokea kwa pande zote mbili.

Mlango huo mtauhitaji, kwa sababu si kila fedha ni ya kupokelewa. Kuna kampuni itakayokuja na glavu na magunia, iwapige picha mkiokota chupa zake mtoni, iite hiyo hisani. Jibu lipo kwenye Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022: anayetia sokoni bidhaa na vifungashio ana wajibu wa kisheria juu yake hadi mwisho wa safari yake. Anayetimiza wajibu hafadhili mtu, analipa deni. Basi mwambieni alipe wakusanyaji kwa kilo, kwa bei iliyoandikwa, na picha apige baadaye.

Kuna nyingine itakayowapa fedha ili mnyamaze. Kumbuka mugumo mkubwa wa Waiyaki Way hapo Westlands, wenye umri wa zaidi ya miaka mia, uliokuwa kwenye njia ya barabara ya Expressway. Novemba 2020 ulinusurika kwa amri ya rais baada ya wananchi kupiga kelele. Mti huo haukuokolewa na mfadhili, na kama wale waliopiga kelele wangekuwa wamevaa fulana za mwanakandarasi, sauti zao zingekwama kooni. Kikundi kijiwekee sheria yake mapema: hatupokei kutoka kwa yeyote ambaye kesho huenda tukalazimika kumlalamikia NEMA. Sheria hiyo itawagharimu, nayo ndiyo itakayowafanya mwaminike.

Mwisho ni kalenda, ambayo vikundi vingi huisahau. Safaricom hufunga mwaka wake wa fedha 31 Machi, East African Breweries 30 Juni, benki 31 Desemba. Barua inayofika mwezi mmoja baada ya bajeti kupitishwa hujibiwa kwa upole na kuwekwa kabatini. Kwa benki, peleka Julai au Agosti, kabla hazijaanza kupanga mwaka ujao, uombe kwa ajili ya mvua za masika za Machi. Fedha zenyewe huenda zikachukua miezi miwili au mitatu kufika hata baada ya kukubaliwa, kwa hiyo usiagize miche kwa mkopo. Barua iwe kurasa mbili, bajeti ukurasa mmoja, barua ya ruhusa ya ardhi nyuma yake. Usiombe fulana.